Asumini, Agnes, Somoe: ni mtu mmoja au watatu? Naomba msaada wa nasaba (Lindi)

BintiNdoro (Lindi mjini)

Asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Nimetanguliza salamu zote mbili kwa sababu swali langu limekaa katikati yake.

Naandika shajara ya nasaba ya upande wa baba. Shangazi ndiye mzee pekee tuliyebaki naye, na kumbukumbu zimeanza kumponyoka. Leo anakueleza jambo kwa ufasaha, kesho analikana. Kila Shaabani tunawasomea wazee wetu hitima, majina yanatajwa moja moja, na bibi yetu mzaa baba tunamtaja Somoe binti Hamisi. Nilimjua. Alifariki 1971, mimi nikiwa msichana mdogo nimeshaanza shule, na ndiye aliyenifundisha kusuka ukili. Nataka kuandika alikuwa nani hasa, na nataka kuandika kweli.

Nina vitu vitatu mkononi. Majina nimeyaacha ya kwanza tu kwa heshima ya wenyewe.

Kitu cha kwanza ni hati ya uhuru ya wakati wa Mjerumani, yenye muhuri wa boma la Lindi, mwaka 1909. Sehemu imepigwa chapa, sehemu imejazwa kwa mkono. Inasema mwanamke aitwaye Asumini, umri kama miaka 28, ni mtu huru, yeye na mtoto wake wa kike. Shangazi anaitunza kwenye sanduku chini ya kanga zake na hapendi itolewe mbele ya watu. Nilipomuuliza Asumini ni nani alisema, "Ni wa kwetu," akanyamaza.

Cha pili ni ndoa ya kanisani, misheni moja ya bonde la Lukuledi, mwaka 1915. Bwana ni Andrea, fundi mwashi. Bibi ni Agnes. Nilifika kwenye daftari hilo kwa sababu ya mwenzangu niliyefanya naye kazi ya uuguzi miaka mingi. Agnes ni mama wa baba yake. Kwao wanasimulia kwamba Andrea alichukuliwa upagazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na hakurudi. Agnes akamwacha mwanawe kwa mama mkwe, akateremka pwani, na habari zake zikaishia hapo. Siku moja tukiwa zamu ya usiku mwenzangu akataja, kwa kupita tu, kwamba mama yake Agnes alikuwa mtu wa Lindi mjini, jina lake Asumini. Mwili ulinisisimka.

Cha tatu ni hati ya ndoa mbele ya kadhi wa Lindi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwaka 1347 wa Hijria, yaani 1928 au 1929 kwa hesabu ya kawaida. Babu yangu anamwoa Somoe binti Hamisi, mahari shilingi 40, walii wake, yaani mwanaume wa kumwozesha, Selemani bin Hamisi. Baba yangu alizaliwa 1931.

Binamu zangu wengine wanasema mambo ya utumwa na ya kanisani yaachwe yalipolala. Mimi siwezi. Kama Somoe ndiye Agnes, basi baba yangu alikuwa na kaka wa tumbo moja kilomita chache kutoka hapa, na wote wawili wamekufa bila kujuana. Nyie wenye uzoefu, mnaunganishaje au mnatenganishaje watu wa namna hii?

---

Mtunza Daftari (Masasi)

Shikamoo mama. Nafanya kazi ofisi ya parokia huku Masasi, madaftari ya zamani ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nianze na nilichokizoea.

Kwanza tumtoe Asumini kwenye hesabu ya "mtu mmoja". Mwanamke wa miaka 28 mwaka 1909 angekuwa na miaka kama 50 baba yako alipozaliwa. Hata tukisema karani wa boma alikisia umri, na kweli walikuwa wakikisia, hawezi kukisia akakosea miaka kumi na tano. Asumini ni mama wa mtu. Swali ni yule mtoto wa kike. Hati inasema ana umri gani? Kama alikuwa mchanga, hawezi kuwa bibi harusi wa 1915. Kama alikuwa na miaka minane, tisa, kumi, milango inafunguka. Angalia tena, pamoja na upande wa nyuma wa karatasi.

Pili, umeona daftari la ndoa. Mwombe padre alifungue la ubatizo. Tangu 1908 Kanisa Katoliki liliagiza kwamba mtu akifunga ndoa, habari hiyo iandikwe pembeni mwa jina lake kwenye daftari la ubatizo. Pembeni hapo ndipo maisha ya mtu yanapojikusanya: kipaimara, ndoa, pengine na kifo. Na kwenye mstari wa ubatizo wenyewe hutajwa wazazi, hata kama hawakuwa Wakristo, pamoja na mama wa ubatizo. Usishtuke kuona Kilatini, yote imeandikwa hivyo. Andrea utamkuta kama Andreas.

Tatu, tafuta kifo cha Andrea. Vita ilipofika bonde lenu Oktoba 1917, yale mapigano ya Mahiwa, mizinga ilikuwa ikilia hapo hapo jirani na misheni, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Madaftari ya miaka hiyo yana matundu. Wapagazi walikufa kwa maelfu, pande zote mbili, na wengi hawakuandikwa popote. Lakini padre aliyekuja baadaye mara nyingine alijaza vifo vya nyuma kwa kusimuliwa na jamaa. Usikate tamaa kwa kukuta 1917 tupu, soma mpaka 1922.

Na nikuulize jambo moja lisilo la karatasi. Bibi yako Somoe alikuwa na desturi yoyote ambayo ninyi hamkuielewa?

---

Kijana wa Mitwero

Mama pimeni DNA tu, mambo yaishe.

---

Mmikindani aliyeko Cape Town

Shikamoo mama BintiNdoro. Mimi ni mzaliwa wa Mikindani, nipo Cape Town kwa kazi za bandarini, na mke wangu ni mtu wa hapa, wa ukoo wenye jina la Kidachi, yaani la Kiholanzi, si la Kijerumani. Kwa ajili ya watoto wetu nimeingia sana kwenye nasaba zao.

Mdogo wangu wa Mitwero, DNA hapa haifiki mbali. Vile vinasaba vinavyopita kwa mama peke yake vinapokelewa na watoto wote, ila watoto wa kiume hawavipitishi. Mtoto wa Agnes ni mwanaume, mtoto wa Somoe ni mwanaume, na mama anasema wote wamefariki. Njia hiyo imekatika. Kipimo cha kawaida kati ya mama na mwenzake kinaweza kuonyesha undugu, kwani wajukuu wa bibi mmoja kwa waume wawili tofauti hushirikiana kama asilimia 6 kwa wastani. Kinasaidia, lakini kwanza karatasi.

Sasa nieleze ya huku, maana fundo lako huku wanalifungua kila siku. Kampuni ya Kidachi ya India Mashariki ilianzisha kituo hapa Cape mwaka 1652, na kuanzia hapo wakaleta watumwa kutoka Bengal, Ceylon (Sri Lanka ya leo), Madagascar na pwani yetu. Mtumwa aliitwa jina walilompa wao, mara nyingi jina la mwezi, Februarij au September, kisha mahali: van Bengalen, van Madagascar, van Mosambiek. Huyo van Mosambiek usidhani ni ukoo. Ni bandari aliyopakiwa. Ndani yake wamo Wamakua, Wamakonde, Wayao, watu waliotembezwa kwa miguu kutoka ziwani. Vijana wa huku wakifika kwa babu wa namna hiyo hudhani wamefika mwisho, na wengine huniuliza mimi, kwa kuwa natoka kusini mwa Tanzania, kama namjua!

Wadachi wenyewe zamani hawakuwa na majina ya ukoo yaliyotulia. Arnoldus alikuwa Willemsz kwa sababu baba yake ni Willem, na mwanawe akawa Arnoldusz, sawasawa na bin na binti zetu. Mwanamke akiolewa aliendelea kuandikwa kwa jina la kwao. Kwa mtafiti hiyo ni neema, kwa sababu waume wanabadilika yeye habadiliki. Ila akiwa mtumwa aliyeachwa huru, ndipo panapochanganya.

Chukua Angela van Bengale. Aliletwa miaka ya 1650, akatumika nyumbani kwa Jan van Riebeeck mwenyewe, mkuu wa kwanza wa kituo hicho, akaachwa huru 1666, akaolewa 1669 na Arnoldus Willemsz Basson. Kwenye karatasi ni Angela, ni Ansela, na majirani walimwita Maaij Ansela. Aliingia kwenye ndoa hiyo akiwa na watoto tayari, na mmoja wao, Anna, anaandikwa Anna de Koning, jina ambalo si la mama wala la Basson. Au Krotoa, binti wa Wakhoi, wenyeji wa Cape, aliyekuwa mkalimani wa van Riebeeck: 1662 anabatizwa Eva, 1664 anaolewa na Pieter van Meerhof, na kwenye makaratasi unakutana na Krotoa na Eva kana kwamba ni wawili. Leo maelfu ya watu huku wanajua wametoka kwa wanawake hawa, weupe kwa weusi. Hawakufahamika kwa jina. Walifahamika kwa kufuatwa mtoto baada ya mtoto, na kwa kuangalia nani alisimama shahidi kwenye ubatizo wa nani. Jina lilibadilika, lakini wale mashahidi walijirudia: mjakazi mwenzake wa zamani, mke wa bwana wa zamani, jirani yule yule.

Na jambo hili naomba ulishike. Mtumwa hapa hakuruhusiwa ndoa ya kisheria. Mpaka 1823 ndipo Waingereza waliporuhusu watumwa Wakristo kuoana. Sheria ilimtambua mama tu: mama mtumwa, mtoto mtumwa. Kwa hiyo nasaba za watu wa huku, wakitaka zisimame, wanazianzia kwa mwanamke. Sisi wa kusini hilo halitupi shida, kwani wazee wetu walihesabu kwa mama toka zamani. Anza shajara yako kwa Asumini.

Namna ya kuandika: huku wanatumia herufi kwa kizazi na tarakimu kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mzazi wa kwanza a1, watoto wake b1, b2, wajukuu c1, c2. Asumini awe a1, yule mtoto wa kwenye hati a1b1. Ukija kupata kwamba Agnes na Somoe ni mtu mmoja, wote wawili ni a1b1 na hulazimiki kufuta jina lolote. Mpaka hapo, waweke kurasa tofauti. Usiwaunganishe kwa sababu moyo umesisimka.

---

Ustadh (Kilwa Kivinje)

Wa aleikum salaam, bibi yangu. Nimesoma swali lako mara mbili. Nina la kusema kuhusu hati ya tatu tu.

Umeandika walii ni Selemani bin Hamisi na mke ni Somoe binti Hamisi, na kila msomaji atasema ni kaka na dada. Huenda. Lakini katika sheria yetu mtu aliyeachwa huru anabaki na kiungo na aliyemwacha huru, tunaita walaa. Mwanamke asiye na baba wala jamaa wa kiume wa damu, aliyemwacha huru ndiye walii wake, na akifa, wanawe wa kiume. Watoto wa mjakazi nao huweza kuingia humo. Na huku pwani ilikuwa kawaida mtu wa namna hiyo kuitwa bin au binti wa bwana wake.

Kwa hiyo uliza Lindi mjini: alikuwapo Hamisi mwenye shamba la minazi au chombo, mwenye mwana akiitwa Selemani? Kama yupo, na kama watu wake wanasema hawana dada aliyeitwa Somoe, basi umepata jibu kubwa kuliko ulilouliza. Isome pia hati inasemaje juu ya hali ya mke. Makadhi waliandika kama ni mwari au alikwishaolewa, na kama ni mjane, walithibitisha eda imekwisha.

Kuhusu jina Asumini. Wazee wetu wa pwani waliwapa wajakazi majina ya maua na manukato na vito: Asumini, Zafarani, Feruzi. Anayejua anajua, ndiyo maana shangazi yako amenyamaza. Mjerumani hakufuta utumwa. Alitoa hati za mtu mmoja mmoja, akaamuru kwamba watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 wawe huru. Utumwa ulifutwa kwa sheria 1922, chini ya Mwingereza. Shangazi yako amelelewa na watu walioyaona hayo kwa macho. Usimlazimishe. Mwombee dua mama wa bibi yako mbele yake, kwa jina lake, kisha usubiri.

---

BintiNdoro (Lindi mjini)

Ndugu zangu, nimechukua muda kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu.

Ustadh, nilifanya ulivyosema. Baada ya magharibi nilikaa kibarazani na shangazi, nikaomba dua, nikamtaja Asumini. Aliniangalia muda mrefu. Kisha akaingia ndani akaleta hati yenyewe na kuniwekea mapajani. Akasema Asumini alikuwa akipika nyumbani kwa mzee Hamisi, mwenye majahazi, mtaa wa karibu na forodha, na kwamba hakuzaliwa hapa. Aliletwa mdogo sana kutoka bara ya mbali, ziwani, na kwao hakukumbuka ila mlima mmoja na mto. Nikauliza Selemani je? "Mtoto wa bwana." Hivyo tu, kama mtu anayetaja bei ya dagaa. Miaka yote tumemtaja bibi yetu kwenye dua kwa jina la mwenye nyumba.

Sasa naelewa jambo ambalo nilipokuwa mtoto niliona ni la kawaida tu. Wanawake wa mtaani wakikusanyika kwa ajili ya unyago, kila mmoja anataja ukoo wa mama yake na kukaa na wenzake. Bibi Somoe alikuwa anakaa na jirani yetu mmoja Mmwera, kwa ukoo wa huyo jirani. Hakuwa na ukoo wake mwenyewe. Mama yake alipakiwa njiani bila ukoo, kama hao van Mosambiek.

Mtunza Daftari, umri upo. Nyuma ya hati kwa wino uliofifia: mtoto, miaka kama 9. Na padre amefungua daftari la ubatizo. Agnes, amebatizwa 1912, umri kama miaka 12, baba hatajwi, mama ni Asumini, wa Lindi. Pembeni: ndoa na Andreas, 1915. Mwenzangu alikuwa pembeni yangu na sote wawili tulilazimika kukaa. Huyo mtoto wa kwenye hati na Agnes sasa nasema bila woga ni mtu mmoja. Mama mmoja, mji mmoja, umri unakubaliana. Amefikaje misheni akiwa na miaka kumi na mbili, shangazi hajui. Mama wa ubatizo ni mke wa fundi seremala wa misheni, naye ameandikwa kuwa ametoka Lindi. Huyo namfuatilia, Mmikindani, kama ulivyosema kuhusu mashahidi wanaojirudia.

Na swali lako la desturi, Mtunza Daftari, lilinikosesha usingizi, kwa sababu jibu nilikuwa nalo toka utotoni. Bibi alikuwa hali nyama siku ya Ijumaa. Tulijua ni mwiko wake. Lindi mtu anaweza kula samaki mwaka mzima asionekane, lakini Idi ikiangukia Ijumaa, nyumba nzima pilau, yeye alichukua wali mkavu na samaki wake wa kukaanga akasema nyama atakula kesho. Alisali swala tano, alifunga, na akazikwa na Waislamu wenzake. Ila Ijumaa ile hakuiacha mpaka anakufa, na hakumwambia yeyote sababu.

Hati ya kadhi nimeisomewa tena na mzee anayejua maandishi yale vizuri. Inasema bibi harusi si mwari, ni mjane, na eda imepita siku nyingi. Jina la marehemu mume halikuandikwa.

---

Mtunza Daftari (Masasi)

Mama, kuhusu Ijumaa sina la kuongeza, Mkatoliki yeyote wa umri wako amekuelewa, kwani siku hiyo Kanisa lilitukataza nyama. Ila kwa ajili ya shajara niseme: bado hiyo si karatasi. Wasichana wa misheni waliokwenda pwani walikuwa wengi, na wajane wa ile vita walikuwa wengi zaidi. Unahitaji kitu kimoja kinachomtaja Asumini na Somoe pamoja, au Agnes na Hamisi pamoja.

---

Mmikindani aliyeko Cape Town

Naungana naye. Mama, a1b1 ni Agnes, hilo limesimama. Mwache Somoe kwenye ukurasa wake na chora kati yao mstari wa nukta. Huku nimeona familia zilizochora mstari mzima mapema, wakajenga juu yake vizazi vinne, kisha daftari moja likaja kuwabomolea.

---

BintiNdoro (Lindi mjini)

Nimekubali. Mstari wa nukta, kwa penseli, na nimeandika pembeni yake sababu zote: mjane, walii mwana wa bwana wa Asumini, hati ya uhuru kukutwa kwenye sanduku la watoto wa Somoe. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonipa nguvu. Hati ya Asumini isingefika kwa shangazi yangu kama hakukuwa na mkono ulioileta.

Binamu zangu nimewasomea yote haya. Wawili wamekasirika. Mmoja, yule aliyekuwa mkali kuliko wote, amenipigia simu usiku kuniuliza mlima ulikuwa unaitwaje.

Shangazi anasema watoto wa Selemani wapo, wengine walihamia Mikindani, na kwamba mzee Hamisi alikuwa na daftari la chombo alimoandika watu wa nyumba yake na posho zao. Mmikindani, kama una jamaa huko wanaoweza kunitambulisha kwa heshima, niandikie ndani. Na padre ameniahidi daftari la wafu la baada ya vita, kuanzia 1918. Tunakwenda wote wawili, mimi na mwenzangu. Tumeanza kuitana dada, na kama mstari utafutika tutaendelea kuitana hivyo.